Daftari la Kula

Tulipomzika wifi yangu Wangeci, mwezi uliopita, kijana mmoja aliyevaa suti ya kubana alisimama na karatasi akasoma wasifu wake. Akasema marehemu alizaa watoto saba, alipenda kanisa lake, alilima mboga nyuma ya nyumba hadi magoti yalipomkataa. Halafu akasema, "Marehemu hakubahatika kusoma," akageuza karatasi, akaendelea na mambo ya shukrani. Mimi nilikuwa safu ya mbele, kwenye kiti cha plastiki, na nikaguna kwa sauti hadi mjukuu wangu akanishika mkono na kuninong'oneza, "Shosho, tulia basi." Nitulie vipi? Nina miaka themanini na sita, nimeishi na walimu, makarani na wachungaji, na sijakutana na msomaji aliyemshinda Wangeci. Niliondoka kabla ya chakula. Njia nzima ya kurudi Dandora nilikuwa nikimjibu yule kijana kichwani, na kwa kuwa siku hizi sina wa kugombana naye, nimeamua kuandika.

Kwanza niseme nisomavyo, maana wajukuu zangu hunicheka. Mimi siwezi kusoma kimya. Nikifungua kitabu, midomo inacheza na sauti inatoka, hata kwenye foleni ya hospitali. Sipendi kitabu kinachoeleza jua likizama kurasa tatu nzima huku hakuna mtu aliyefanya lolote. Hadithi za mapenzi, za watu kupumua na kutazamana, nawaachia wenye nafasi. Mimi nataka watu wagombanie shamba, waende mahakamani, wasafiri, waandikiane barua, wadanganyane na wafumaniwe. Na nina kipimo changu: nachukua ukurasa wowote wa katikati nausoma kwa sauti, na ulimi ukijikwaa mara tatu, kitabu narudisha. Mwalimu mmoja aliwahi kuniambia kwamba hiyo ni tabia ya mtu asiyesoma vizuri. Nikamwambia ni tabia ya mtu aliyezoea kusomea mwenzake. Hakuelewa, na mimi sikumweleza.

Mwaka wa hamsini na nne nilikuwa na miaka kumi na mitano, nikikaa hapa hapa mjini, mtaa wa Kaloleni, kwa kaka yangu Zakayo, karani wa reli, na mkewe Wangeci. Nilikuwa nimemaliza masomo ya msingi, nangoja nafasi katika shule ya wasichana, nafasi ambayo haikuja mwaka ule wala mwaka uliofuata. Chumba kilikuwa kimoja cha mawe, sakafu ya simiti, tumekigawa kwa pazia la maua mekundu. Upande wa mlango palikuwa na kitanda changu, meza, rafu ya vyombo, na nyuma ya pazia palikuwa pa kaka na mkewe. Jiko la makaa lilikaa kizingitini. Hali ya Hatari ilikuwa imetanda mji mzima. Ule msako mkubwa ulikuwa umepita na kuchukua watu kwa malori, na misako midogo ikawa inarudi bila kubisha hodi. Pale bombani wanawake waliacha kutaja majina. Walisema tu, "Wa nyumba ile pia," na mwenye kusikia alielewa. Wifi yangu alikuwa Mkikuyu, na Wakikuyu ndio waliokuwa wakisakwa. Kaka yangu, kama mimi, ni Mluhya. Ndoa yao na karatasi moja ya kibali yenye mhuri ndivyo vilivyomwacha Wangeci ndani ya mji, na karatasi ile aliilalia, chini ya mto.

Kila jioni kaka alirudi na gazeti, akamkabidhi mkewe mezani, akavua viatu. Wangeci alilifungua, akalitazama juu mpaka chini kwa utulivu, akageuza, akasema, "Naona bei ya unga imezungumzwa tena." Kaka alifurahi sana. Kazini kwake alikuwa amewatangazia wote kwamba ameoa mke msomi. Mshenga ndiye aliyemwambia, wakati wa uchumba, kwamba binti amefika darasa la nne, na barua zilizomjia kutoka kwa mchumba zilikuwa na mwandiko mzuri. Mwandiko ulikuwa wa binamu. Wangeci hakujua hata a. Mimi niligundua wiki ya pili tu, nilipoingia mchana na kumkuta ameshika gazeti la jana juu chini, analia bila sauti. Aliponiona hakujaribu kunidanganya. Alifunga mlango, akanishika mabega, akasema niape kwamba kaka yangu hatajua. Nikaapa, haki ya Mungu. Tangu siku hiyo, kila asubuhi, kaka akishaondoka, nilikwenda kwa karani mmoja jirani aliyekuwa akipata gazeti mapema, nikaliazima, nikarudi kumsomea wifi lote huku akipara viazi. Nilimsomea mara moja tu. Alikuwa akinisikiliza amefumba macho, na jioni alikuwa na kila habari, kila jina la mji na kila bei. Sijawahi kuona kichwa cha namna ile tena.

Gazeti likatuingiza kwenye vitabu. Ndani ya holi ya mtaa palikuwa na chumba kidogo cha kuazima vitabu, kabati mbili tu, na mimi nilikuwa nikileta kimoja kila wiki. Tulisoma mchana, baada ya kufua, mlango umefungwa nusu, chungu cha maharagwe kikitokota. Wifi hakuwa msikilizaji wa kutikisa kichwa tu. Alinisimamisha. "Hapo umeruka," alikuwa akisema, na kweli nilikuwa nimeruka mstari. Au, "Huyu si ndiye aliyesema hana ndugu? Sasa shangazi ametoka wapi?" na turudi nyuma kurasa ishirini. Tatizo letu lilikuwa Kiswahili chenyewe. Mimi changu kilikuwa cha shuleni, chake cha sokoni, na vitabu vilikuwa vya watu wa pwani. Siku moja tulisoma kwamba mzee fulani amekula chumvi nyingi, na tukamhurumia, tukidhani ndiyo iliyomtia ugonjwa. Siku nyingine bwana harusi na mkewe walikuwa wanakula fungate siku saba. Wifi akataka kujua fungate hupikwaje, maana chakula cha kuliwa siku saba bila kuharibika kingetufaa sana. Akanituma kwa Bi Zena.

Bi Zena alikuwa mwanamke wa Mombasa, mjane, akipika mahamri na kuuza chai nyumba ya nne kutoka kwetu. Naye alikuwa akiazima vitabu holini, tukipokezana. Nilipomuuliza fungate huungwa kwa nazi au kwa mafuta, alicheka akaketi chini, akafuta machozi kwa ncha ya leso. "Mwanangu," akaniambia, "fungate hailiwi kutoka sufuriani." Akanieleza ni zile siku za maharusi kukaa ndani, nami nikarudi nyumbani masikio yanawaka. Wangeci alicheka hadi akashika tumbo, tumbo la mimba ya miezi mitano. Ndipo tukaanzisha daftari. Juu ya jalada niliandika kwa herufi kubwa KULA, na ndani nikawa naorodhesha kila kinacholiwa bila kumezwa: neno, mtu aliyekula hicho kitu katika hadithi, na ukurasa. Kula chumvi nyingi, Mzee Athumani, 12. Kula hasara, Mwinyi, 30. Kula njama, Mwinyi na Tausi, 41. Nililitunza vizuri. Nilipiga mistari kwa rula, na kila ukurasa ukijaa nilimsomea wifi naye akarudia yote kwa kichwa, pamoja na namba.

Kitabu tulichokuwa nacho wiki ile kilihusu ndugu waliogombania kisima cha baba yao. Tulipofika mahali ambapo wote watatu wanasimama mbele ya kadhi, nilisoma kwamba walikula kiapo, nikachukua kalamu. Wifi akafumbua macho. Mwaka ule neno hilo lilikuwa halitamkwi. Watu walikuwa wakichukuliwa kwa kushukiwa tu kwamba wamekula kile cha wapiganaji wa msituni. "Hiyo iache, wifi," akaniambia. Nikamwambia ni hadithi tu, ni mbele ya kadhi, wala si kile kingine. "Najua ni hadithi. Iache." Nami nilikuwa na kiburi cha mtoto aliyesoma, sikutaka daftari langu liwe na pengo. Alipotoka kwenda bombani nikaandika: Kula kiapo, Athumani, Mwinyi, Tausi, 63. Nimewahi kufanya ujinga mwingi maishani, lakini huo ndio ninaoukumbuka nikiamka asubuhi.

Walikuja wiki iliyofuata, saa mbili asubuhi, kaka ameshakwenda kazini. Askari watatu na afisa mzungu kijana, pua imebabuka kwa jua. Walipindua godoro, wakamwaga unga, wakachana mto. Karatasi yenye mhuri afisa aliisoma na kuirudisha. Nilianza kupumua. Halafu askari mmoja akachukua daftari kwenye rafu ya vyombo, mahali pake pa kila siku, karibu na kopo la chumvi, akampa mkubwa wake. Afisa alilifungua. Kiswahili chake kilikuwa cha kuagizia wapishi na watunza bustani, lakini kusoma alijua. Alipita kurasa taratibu, kidole kikishuka, na niliona kilipofika. Kidole kilisimama. Akasoma kwa sauti, neno moja moja, "Kula. Kiapo. Atumani. Muini. Tausi. Sitini na tatu." Akatoka nje kutazama namba ya nyumba yetu juu ya mlango. Akarudi. "Nyumba sitini na tatu iko wapi?" aliuliza, na hapo nikaelewa anavyofikiri: majina ya waliokula kiapo, na namba ya nyumba walimokula. Akarudi nyuma akakuta na njama ya arobaini na moja.

"Nani naandika hii?" akauliza.

Nilifungua mdomo. Haki ya Mungu, niliufungua. Sauti haikuja. Nilikuwa nimewaona wasichana wa rika langu wakipandishwa malori. Afisa akanitazama mimi, akamtazama wifi. Na Wangeci, mwenye mikono imejaa unga aliokuwa akiuzoa sakafuni, akasimama. "Mimi," akasema. "Ni langu." Hakunitazama. Akajifunga leso kiunoni, akauliza kama anaweza kuvaa viatu, wakamkatalia.

Waliwakalisha wanawake kwenye uwanja mbele ya holi, chini, miguu imenyooshwa, kama ishirini hivi, lori likiwa pembeni limefungua mlango wa nyuma. Mtu wa nyumba sitini na tatu, fundi viatu, Mkamba wa watu, alikuwa pale pia na aproni yake. Mimi nilichukua debe nikaenda kusimama bombani, mahali pa kuwaona. Nilijaza debe, nikamwaga, nikajaza. Nilijiambia siwezi kusema kitu kwa sababu nimeapa. Nikisema daftari ni langu, wataniuliza mbona yeye amesema lake, na itabidi niseme hajui kuandika, na nimeapa sitalisema hilo. Nilijiambia hivyo kwa saa tatu. Ni uongo mtupu. Nilikuwa naogopa lori, na kiapo nilikishika kwa kuwa kilinifaa. Wifi alikaa jua linampiga utosini, na mara mbili nilimwona akijishika tumbo.

Ilipokaribia saa sita nikaenda kwa Bi Zena. Kitabu cha kisima kilikuwa kwake, zamu yake. Nilidhani nikipata kitabu kitasema chenyewe nisiseme mimi. Bi Zena alinisikiliza akiwa amesimama, akaepua chai, akafungua ukurasa wa sitini na tatu akaukuta. Kisha akaniuliza daftari wameambiwa ni la nani. Nikamwambia. "Wangeci anajua kuandika?" akauliza, na nikajua kwamba siku zote alikuwa anajua. Nikamwambia niliapa.

"Uliapa kumsitiri," akasema. "Pale alipokaa sasa, amesitirika?"

Akavaa buibui lake, akanishika mkono, tukaenda. Uwanjani tulimkuta kaka Zakayo. Mtu alikuwa amempelekea habari relini naye alikuja mbio, jasho limeloanisha koti la kazi, cheti chake cha utumishi mkononi. Bi Zena akampa mkalimani wa afisa kitabu kwa heshima zote. Mkalimani yule alikuwa mtu wa pwani pia, alisoma, akasoma tena, akamweleza afisa kwa Kiingereza, akimwonyesha daftari na kitabu, daftari na kitabu. Afisa akapunguza kidogo ule ugumu wa uso. Akawaambia wamwachie fundi viatu. Lakini hakuridhika. Akasema huenda mtu ameandika hadithi ili kuficha jambo, na anataka kujua kama mwandishi ni yule aliyesema ni mwandishi. Akampa Wangeci penseli na kipande cha karatasi. "Andika chumvi," akamwambia.

Kaka yangu akasogea mbele, akasema kwa fahari, masikini, kwamba mke wake amesoma, kwamba anasoma gazeti kila siku, kwamba ataandika sasa hivi na bwana mkubwa ataona. Wangeci aliishika penseli. Aliishika vizuri, nadhani kwa sababu alikuwa ameniangalia mimi siku nyingi. Akaiweka juu ya karatasi. Haikusonga. Kaka akamhimiza kwa upole, "Andika, mama. Ni neno dogo." Afisa akamwambia mkalimani kitu, na mkalimani, bila furaha, akasema bwana anaona huyu anakataa kuandika ili mwandiko wake usijulikane. Askari wakamshika kwapani wakamnyanyua. Alikuwa ameshapiga hatua mbili kuelekea lori.

"Hajui kuandika," nikasema. "Wala kusoma. Daftari ni langu mimi."

Nilisema kwa sauti ndogo, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia. Wanawake waliokaa chini walisikia, majirani waliokuwa madirishani walisikia. Kaka yangu aligeuza shingo akanitazama, kisha akamtazama mkewe, na niliona uso wake ukipita kwenye yale magazeti yote, jioni moja baada ya nyingine. Wakanipa penseli mimi. Niliandika chumvi, hasara, njama, fungate, na mwandiko ulikuwa ule ule. Mkalimani alipofika kwenye fungate alishindwa kujizuia, akakohoa ndani ya ngumi. Afisa hakucheka. Aliniuliza miaka yangu, akaniambia mtoto mwenye akili haandiki maneno asiyoyajua, akatia daftari mfukoni, akapunga mkono wamwachie Wangeci. Sikuliona tena daftari lile. Lori liliondoka na wengine tisa.

Tulirudi nyumbani kwa msafara wa ajabu, kaka mbele, wifi katikati peku, mimi nyuma. Nilitaka sana wifi aseme neno. Karibu na mlango akapunguza mwendo hadi nikamfikia.

"Kusema hukukosea, wifi," akaniambia. "Ulikawia."

Nikamwomba msamaha. Akasema amenisamehe, na nadhani alikuwa kweli amenisamehe, maana siku ile ile alinipakulia kama kawaida, tena akaniwekea ukoko wa sufuria ninaoupenda. Mtoto alizaliwa salama, mvulana mwenye kelele. Kaka hakumtukana mkewe, hakumpiga, hakuzungumzia jambo lile hata kidogo kwa siku nne. Siku ya tano alirudi kutoka kazini, akakunja gazeti akaliweka juu ya kabati, akaomba kitabu cha kisima kwa Bi Zena. Wangeci hakuniomba nimsomee tena, si wiki ile, si mwaka ule, si katika miaka sabini iliyofuata. Nami sikuthubutu kujitolea.

Kaka Zakayo alisoma vibaya. Aliamini nukta ni pambo. Jua halijazama vizuri, sahani zimeoshwa, waliingia nyuma ya pazia wakaketi kitandani, na nikamsikia akianza kule mwanzo, akivuta maneno, akiruka mistari, akirudi. Niliuma midomo nisimsahihishe. Wifi hakumsimamisha hata mara moja, na hilo liliniuma zaidi ya ule mlango wa lori. Kisha kaka akafika mahali pagumu, neno refu la pwani, akalijaribu, akalivunja, akakwama kabisa. Wangeci akalitaja neno, taratibu na kwa usahihi, kisha akaendelea mwenyewe kwa kichwa, mstari huo na ule uliofuata, hadi mwisho wa aya.

"Umejuaje?" kaka akamuuliza.

"Nilisomewa," akasema.

Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, nimeketi kitandani kwangu, mikono magotini. Nilingoja. Kaka akaanza tena kusoma pale mkewe alipoishia, na mimi sikuitwa.